Nungunungu Langoni mwa Simba

Asubuhi ya kuposwa kwake, Mahlako alikaa mkekani amefunikwa blanketi gubigubi kama mtoto mwenye surua, na mwili wake mzima ulikuwa umegeuka sikio.

Blanketi lilikuwa la marehemu bibi yake, la sufu ya kahawia yenye mistari ya kijani, likinuka moshi na dawa ya nondo. Dawa hiyo iliwekwa kwa kuchelewa, maana nondo walikwisha kutoboa tundu moja upande wa pindo, dogo kama punje ya mtama. Mahlako alikuwa amelizungusha blanketi taratibu mpaka tundu likakaa sawa na jicho lake la kulia. Sasa aliliona ua lote: sakafu ambayo mama yake aliipaka samadi jana kwa kiganja, mawimbi ya vidole bado yanaonekana; ukuta mfupi wa udongo; mishubiri iliyochanua maua mekundu nyuma ya zizi; na mbali kidogo, lango.

Nje ya lango walisimama washenga wa Lesiba, wanaume wawili na mama mmoja mwenye shali, pumzi zao zikitoka nyeupe kwa baridi. Walifika kabla jua halijagusa milima ya Leolo. Mshenga haingii mpaka aitwe, na mwenye kuita alikuwa Shangazi Raisibe, dada mkubwa wa baba yake. Shangazi alikuwa jikoni anakunywa chai. Akamaliza kikombe, akaongeza kingine.

"Wale watu wataganda," alinong'ona Pheladi, binamu yake Mahlako, aliyewekwa pale mkekani amshikie mkono bibi harusi. "Yule mnene anaruka mguu huu anatua na huu. Ama ni baridi, ama ni mkojo."

"Nyamaza, Pheladi."

"Na wako yuko ndani ya gari. Namwona utosi tu. Amenyoa vizuri, lakini."

Mahlako akaminya mkono wa binamu yake. Alitaka kucheka, ila kicheko hakikutoka. Usiku kucha alikuwa akiomba, na hakujua anaomba nini: kwamba shangazi yake alainike, au kwamba yeye mwenyewe asingalisema lile neno alilolisema redioni.

Maana Mahlako hakuwa binti wa kunyamaza. Alikuwa ameandika vitabu viwili, vyote kwa Kipedi, lugha ya kwao, mwanzo hadi mwisho. Alipopeleka cha kwanza Johannesburg, bwana mmoja mwenye tai alimrudishia akitabasamu. "Andika Kiingereza, binti. Kipedi ni lugha ya kanisani na ya kufukuzia mbuzi." Mahlako akakunja karatasi zake. "Basi watasoma mbuzi wangu," akamjibu, akaondoka.

Akachapisha kwa mkopo wa chama cha mama yake, akauza vitabu ndani ya kapu, misibani baada ya watu kunawa mikono, na kwenye mikutano ya akina mama wa kuzikana. Pole pole vikashika moto. Wanawake wakawa wanasomeana kwenye foleni ya zahanati, mtu akiitwa na muuguzi hataki kuingia mpaka ukurasa uishe. Mzee mmoja wa Ga-Mokgwadi aliagiza asomewe sura ya mwisho kabla hajafa, akasomewa, akafa akiwa radhi.

Ndipo redio ikamwita. Mtangazaji akamwuliza habari za vijana wa mjini walioacha lugha, na Mahlako, damu imemchemka, akasema: "Mwanamume asiyeweza kujigamba kwa lugha ya mama yake ni mgeni hata chumbani mwake."

Kijiji kizima kilipiga makofi. Shangazi Raisibe alipiga zaidi ya wote. Tena alipiga kigelegele, na kigelegele cha Shangazi Raisibe hakikuwa cha mchezo: kilikuwa kinasikika ng'ambo ya mto. Kaka zake Mahlako wote waliposhuka mlimani kutoka jandoni, kila mmoja akisimama mbele ya watu kutoa majigambo aliyoyatunga mwenyewe, ni kigelegele hicho kilichowabeba.

Kisha Mungu, ambaye naye ana utani wake, akamleta Lesiba.

Ilikuwa Polokwane, kwenye ukumbi wa maktaba. Mahlako alikuwa amesimama anasoma kitabu chake cha pili, umeme ukakatika. Hakunyamaza. Aliendelea gizani kwa moyo, neno kwa neno, na watu wakawa kimya hata ukasikia viti vikipumua. Taa ziliporudi, juu ya ngazi, karibu na dari, alikuwapo kijana mwenye ovaroli ya buluu na koleo mkononi. Kazi yake ilikuwa imekwisha, ila alikuwa hashuki. Alikuwa anamtazama Mahlako kama mtu aliyesikia anaitwa jina la utotoni. Macho yakakutana. Na Mahlako, ambaye hajawahi kusahau mstari wake, akausahau.

Alikuwa Mpedi, wa ukoo wa Nungunungu kabisa. Ila alizaliwa mjini, Tembisa, baba akafa mapema, mama akashinda jikoni mwa watu. Kipedi chake kilikuwa kinachechemea. Kilichanganyika na Kizulu, Kiingereza na lugha ya vijiweni. Hakuna aliyempeleka mlimani na vijana wa rika lake. Kwa hiyo Lesiba alikuwa mtu mzima, fundi umeme mwenye jina, mpole, mcheshi, na hakuwa na majigambo hata ya kumfukuzia kuku.

Shangazi alipolijua hilo, hakupiga kelele. Aliweka tu mikono kiunoni.

"Bi Mwandishi," alisema. "Ulisema nini redioni?"

Mahlako akainama.

"Nikukumbushe?"

"Nakumbuka, Shangazi."

"Haya. Nenda ukamwambie huyo mgeni wako."

Na neno la shangazi, kwa watu hawa, si la kupingwa. Yeye ndiye anayewamwagia wahenga pombe. Akikataa kumwaga, ndoa haina mlango. Baba yake Mahlako, Mzee Nakampe, alikuwa mtu laini, alikuna tu kichwa akasema, "Tumwachie dada." Na washenga wakirudishwa langoni, hawagongi mara ya pili. Mahlako alilijua hilo. Kutoroka asingetoroka, aliyesimama mbele ya watu kuwaambia wathamini chao hawezi kupita uani na sanduku.

Jana jioni alimpigia Lesiba simu. "Usije," alimwambia, sauti imekatika. "Watakuaibisha. Nipe muda niongee nao."

"Umeongea miaka yote, Mahlako. Umeongea kwa ajili yetu sote." Kwa nyuma akasikika mtu anacheka, labda mama yake. "Kesho niachie mimi."

"Uongee nini, Lesiba? Wewe ukiomba chumvi kwa Kipedi unaletewa ndoo!"

"Basi nitakuja na ndoo yangu," akasema, wakacheka wote wawili huku kila mmoja akilia kwa upande wake.

Sasa Shangazi Raisibe alitoka jikoni. Alikuwa amevaa vazi lake la sherehe lenye marinda na kilemba chekundu. Alitembea pole pole hadi katikati ya ua, akaketi, akatandaza gauni, ndipo akasema, bila kuinua sauti:

"Waingie. Wasije wakafia langoni tukalipishwa jeneza."

Washenga wakaingia wameinama, wakaketi chini kando ya ukuta. Yule mnene ndiye aliyekuwa kiongozi wao, Mjomba Phaswane, kaka wa mama yake Lesiba. Akapiga makofi ya heshima.

"Simba!" akawasalimu, maana kwao mtu husalimiwa kwa mnyama wa ukoo wake. "Simba wakubwa, tumefika. Tumepotea njia, tumeona moshi, tukasema hapa pana watu."

"Nungunungu," akaitika Mzee Nakampe. "Mmefika kwa watu."

"Tunatafuta kisima cha kuchotea maji. Tumesikia hapa pana kisima."

"Kisima kipo," Shangazi akadakia. "Mchotaji ni nani?"

"Ni mtoto wetu, Lesiba, mwana wa—"

"Jina nimelisikia. Jina hata mbwa analo. Nataka majigambo yake. Zamani mshenga alikuwa akisimama hapo ulipo, anatusomea majigambo ya kijana, tunamjua kabla hatujamwona. Simama, Nungunungu. Tujulishe."

Mjomba Phaswane alifuta jasho usoni, na baridi yote ile. "Mama, mimi siwezi kusema uongo mbele ya Simba. Kijana hakupita mlimani. Baba yake alitutoka mtoto akiwa anatambaa. Tuliokuwa tumpeleke, tulikuwa migodini."

"Ahaa."

"Ni fundi, mama. Ana adabu. Halewi."

"Hata mbuzi wangu halewi."

Pheladi alikohoa kuficha kicheko. Chini ya blanketi, Mahlako alihisi machozi yanamteremka hadi kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Mama mwenye shali akaomba ruhusa ya kusema. "Shangazi, hawa watoto wanapendana. Lugha itakuja."

Hapo Shangazi Raisibe alimgeukia, na sauti yake ikabadilika. Ikawa ya mtu aliyechoka.

"Itakuja lini, mwenzangu? Mimi nina wajukuu Pretoria. Wakija Krismasi nazungumza nao kwa kidole. Kidole! Namwonyesha sahani, namwonyesha choo, namwonyesha kitanda. Hadithi zote nilizonazo zimenikalia kooni. Nimekuwa bubu nyumbani mwangu, na damu yangu imekaa mbele yangu inakula wali. Huyu mtoto," akanyoosha mkono kuelekea blanketi, "ndiye pekee aliyesimama akasema hapana. Nilimjivunia nikashindwa kulala. Leo na yeye anizalie wa kuonyeshwa choo kwa kidole?"

Moshi wa jikoni ulipita uani ukaenda zake. Mahlako alielewa kwa mara ya kwanza kwamba shangazi yake hakuwa na chuki. Alikuwa na njaa. Na njaa ile ndiyo ileile iliyomfanya yeye aandike.

"Mwiteni," Shangazi akasema.

"Mama, mchumba haingii siku ya washenga," Mjomba Phaswane akasema. "Ni mwiko."

"Mwiko ni wangu, nitautengeneza mwenyewe. Mwiteni, nimwone machoni nikimkatalia."

Mlango wa gari ukalia. Kupitia tundu la nondo, Mahlako alimwona akija: suti ya kijivu iliyobana mabegani, viatu vya kazi vilivyopigwa rangi hadi vikang'aa, kwa kuwa vingine hakuwa navyo. Hakutazama upande wa blanketi. Alipofika penye ukuta akachutama, akapiga makofi mawili taratibu.

"Simba."

"Nungunungu," Shangazi akajibu. "Wanasema huna majigambo."

"Nilikuwa sina, Shangazi."

Mahlako akasogeza jicho karibu zaidi na tundu.

"Ulikuwa?"

"Nilisoma kitabu cha binti yenu. Nilikisoma mwaka mzima, kidole chini ya neno, namsomea mama yangu jioni, ananicheka, ananirudisha nyuma. Tulipokimaliza nikamwomba mama anisaidie maneno ya kwao. Nikajitungia. Sikupewa na mlima. Kama si halali, nitakaa kimya niondoke."

Mzee Nakampe akamtazama dada yake. Shangazi akakunja mikono kifuani.

"Simama," akasema. "Ukichemsha, lango unalijua."

Lesiba alisimama. Alivuta pumzi, na sauti iliyotoka ilikuwa na lafudhi yote ya Tembisa, ila maneno yalikuwa ya Kipedi, mazito, yamepangwa moja juu ya lingine kama mawe ya zizi.

"Mimi ni Lesiba wa Nungunungu,
niliyezaliwa penye milango mingi isiyonijua.
Mlima sikuupanda, nimepanda ngazi.
Waume wenzangu walishika mikuki,
mimi nimeshika waya, wenye moto na usio na moto,
na radi ya Mungu nimeilaza kitandani ikalala.
Nimewasha nyumba za watu wasionijua jina,
nikarudi kwangu nikaketi gizani."

Mjomba Phaswane alikuwa ameinua kichwa. Mama mwenye shali alikuwa amefumba macho.

"Mpaka siku giza lilipoingia nyumba ya vitabu,
binti wa Simba asinyamaze.
Akanguruma gizani, nami nikiwa juu,
koleo mkononi, mdomo wazi kama ndoo—"

Watu wakaangua kicheko. Hata Mzee Nakampe. Kicheko kilikuwa kizuri, ila kilimgonga Lesiba vibaya. Alicheka nao kidogo, akafungua kinywa aendelee, na neno likakataa. Akafungua tena. Hakuna kitu. Alitazama chini kwenye mawimbi ya samadi kana kwamba yameandikwa.

Mahlako alitamani kumpa neno, na hakuwa nalo. Ilikuwa ajabu iliyoje: yeye aliyewapa maneno watu wote wa milima ile, hili la mtu wake hakulijua. Hakulitunga. Lilikuwa la Lesiba peke yake.

Kwa watu hawa, mtu akikwama katika majigambo, wanawake wa kwao humpigia kigelegele ili avute pumzi akumbuke. Wanawake wa kwao tu. Wageni husubiri waone kama ataanguka.

Na hapo kigelegele kikapasua ua.

Kilipanda juu ya paa, kikagonga mlima, kuku wakatawanyika, na ng'ambo ya mto mbwa wa watu wakabweka. Pheladi aliachia mkono wa Mahlako. Washenga waligeuka wakamtazama mama mwenye shali, mwanamke pekee wa upande wao. Naye alikuwa kinywa wazi, hajatoa sauti.

Alikuwa Shangazi Raisibe. Amesimama, kilemba kimeteleza, ulimi bado unacheza, na macho yake yakiwa ya mtu aliyeamshwa usingizini akajikuta anacheza ngoma.

Lesiba hakusubiri. Neno lilikuwa limerudi.

"—nikaona kumbe mwenye giza nilikuwa mimi!
Mimi Nungunungu, sina mbio, nina njia.
Miiba yangu iko mgongoni;
anijiaye kwa mbele na salamu hachomwi.
Mama aliyenizaa, lugha yako nimeipata.
Ilikuwa haijapotea. Ilikuwa inaningoja langoni."

Akachutama, akapiga makofi mawili.

Shangazi aliketi pole pole. Akarekebisha kilemba. Wa kwanza kusema alikuwa Mjomba Phaswane, ambaye sasa baridi ilikuwa imemtoka kabisa.

"Simba," alisema kwa upole mwingi. "Tumekusikia."

"Nilikuwa nasafisha koo."

"Dada," Mzee Nakampe akasema, "koo lako limesikika hadi mjini Jane Furse."

"Nakampe, usinichokoze mbele ya wageni." Akamgeukia Lesiba, amekunja uso, ila mikunjo ile haikuwa ikishika. "Nani kakutungia? Sema kweli. Ni huyu aliye chini ya blanketi?"

"Hapana, Shangazi. Hakujua hata kama yapo."

"Mahlako!"

"Abee, Shangazi."

"Ni yako haya?"

Mahlako alifunua blanketi usoni. Uso ulikuwa umelowa, pua imekuwa nyekundu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile Lesiba alimtazama. Alimtazama vilevile kama siku ya ngazi.

"Shangazi," Mahlako akasema, "ningetunga mimi, nisingetia koleo."

Ua lote likavunjika mbavu. Shangazi alijitahidi, akajitahidi, mwisho akajifunika uso kwa kiganja, mabega yakitikisika. Alipokiondoa kiganja, macho yalikuwa na maji.

"Sikia, Bi Mwandishi," alisema. "Ulisema asiyeweza kujigamba ni mgeni hata chumbani mwake. Hukusema atafukuzwa kabla hajajaribu. Hilo nililiongeza mimi." Akajinyoosha, akachukua sauti ya kazi, ile ya kuulizia mbele ya wahenga. "Haya. Binti wa Simba, unawajua watu hawa?"

Jibu la swali hilo ni neno moja, na mabibi harusi wengi hulisema wameinamisha kichwa. Mahlako alilisema ameinua.

"Nawajua."

"Mama Mahlako, leta pombe ya mtama, nikamwage. Nakampe, mbuzi yule mweupe. Usinitolee yule mwenye pembe moja, nakujua." Shangazi Raisibe akapiga mkeka kando yake mara mbili. "Na wewe, Nungunungu, njoo ukae hapa. Hizo habari za mahari waongee wao. Wewe rudia pale pa koleo. Nilikuwa nacheka, sikusikia vizuri."

Lesiba akaenda akaketi. Akaanza tena, taratibu, na Shangazi akawa anamfuata kwa midomo, kama mtu anayeonja mchuzi.

Pheladi alimvuta Mahlako mkono. "Angalia wanavyokaa! Si uangalie?"

Lakini Mahlako alikuwa amejifunika tena blanketi la bibi yake, tundu la nondo ameliacha likae lilikotaka. Hakuhitaji kuona. Miaka yote alikuwa ameandika, ameuza ndani ya kapu, ameongea redioni, amesoma hata gizani. Leo ndiyo siku ya kwanza aliyojibiwa. Alifumba macho, akasikiliza.